Fielder imechemsha kabla ya Uvinza, fundi mmoja anasema ninunue injini, mwingine anasema gasiketi tu. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa?

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, na naomba anayejua kweli ndiyo ajibu maana hela niliyonayo mkononi ni ya mtaji.

Nina Fielder ile NZE121, injini 1NZ, otomatiki. Ndiyo inayonilisha, napeleka dagaa Tabora narudi na mchele na asali. Juzi narudi, nimetoka Tabora alfajiri, Urambo fresh, Kaliua fresh, Nguruka nimekula, nimevuka daraja la Malagarasi nimeingia kipande cha vumbi cha kuelekea Uvinza nikaona mshale wa temperecha umepanda juu ya nusu. Nikasema ngoja nisogee nipate kivuli. Kabla sijakipata mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa, nikamshukuru Mungu nikajua feni imeshika, nikaendelea. Kama kilometa 4 au 5 mbele gari ikaanza kukosa nguvu, nikikanyaga mafuta inalia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, halafu mvuke ukatoka kwenye boneti na gari ikazima yenyewe.

Wakaja vijana na madumu ya maji, tumesubiri kama dakika 20 nikafungua mfuniko tukawa tunamimina, inanguruma ndani inarudisha mvuke, na maji mengine yanatoka chini mbele ya rejeta. Nikapiga stata ikawaka ila inatetemeka gari zima, nikazima. Fuso moja iliyokuwa inarudi Kigoma ikanivuta mpaka Mwanga hapa mjini Kigoma.

Fundi wa kwanza kasikiliza dakika moja tu, kasema injini imekufa tafuta used. Wa pili kasema gasiketi tu, leta hela nifungue leo leo. Wote wawili hawajagusa spana. Sasa mimi nimuamini nani? Mke wangu ananiuliza tunauza nini na sina jibu.

Dereva wa Kasulu

Pole sana kaka. Mimi nakwambia kwa uchungu, usihangaike na gasiketi. Ya kwangu ilichemsha mlima wa kuingia Kasulu, nikafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nikabadili gasiketi inayoziba chini yake, wiki 3 ikachemsha tena, nikafungua tena, mara ya tatu nikanunua injini. Ningenunua mwanzo ningeokoa hela nyingi sana.

Fundi wa Gungu

Mleta uzi pole, na dereva wa Kasulu pole vilevile, kilichokukuta nakijua nitakirudia chini. Mimi ni fundi, niko Gungu hapa Kigoma, naomba mnivumilie nitaandika kirefu kwa sababu hili la kuchemsha ndilo linalofilisi watu mkoa huu kuliko kugonga.

Kwanza ule mshale. Kaka uliposhuka si kwamba gari ilipoa. Sensa ya joto imekaa kwenye njia ya maji, inapima maji. Maji yakiisha inabaki hewani, inasoma chini ya joto lenyewe, na mshale unakurudi kama vile mambo shwari. Zile kilometa 4 au 5 baada ya mshale kushuka ndizo zilizoumiza injini, kabla ya hapo pengine ulikuwa na tatizo la rejeta peke yake. Sikulaumu, nakueleza ili tujue ukubwa wa jeraha. Ule mlio wa misumari kwenye kopo ni mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda kwa sababu chemba ina moto kupita kiasi. Na ile kuzima yenyewe inanitia wasiwasi kidogo, pistoni zinaweza kuwa zilianza kubana.

Sasa kabla sijasema lolote nijibu haya. Injini ikiwa ya baridi, chomoa dipstiki, oili ina rangi gani na imepanda juu ya alama au iko palepale? Ulikuwa unatumia kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, au maji ya bomba? Ulipoiwasha ulisikia mgongo wa chini unagonga, kule kwenye sampu, bakuli la oili, ngo ngo ngo inayofuata mwendo wa injini? Na tafadhali usiiwashe tena mpaka plagi zitoke. Kama kuna silinda imejaa maji ukapiga stata, maji hayabonyei, kitakachopinda ni konrodi, mkono unaosukuma pistoni, hapo ndiyo yule fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli.

Mleta uzi

Asante sana fundi, nimeenda gereji sasa hivi. Oili nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa, na iko palepale kwenye alama. Nilikuwa natumia maji ya bomba, kulanti iliisha siku nyingi nikawa najazia. Kugonga chini sikusikia, ni kutetemeka tu. Ko kama oili safi si maana yake gasiketi nzima?

Fundi wa Gungu

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Oili kuwa kama chai ya maziwa maana yake maji yamekutana na oili, basi. Gasiketi inaweza kuungua kati ya silinda na silinda, au kati ya silinda na njia ya maji, na oili ikabaki nyeusi vilevile. Kinyume chake pia, mtu anaishi Mwanga gari inaenda sokoni na kurudi, haipati moto wa kutosha, akifungua mfuniko wa oili anakuta povu jeupe kidogo chini yake, ule ni unyevu tu, mafundi wanamwambia gasiketi imekufa anatoa hela bure. Angalia dipstiki, na ikibidi legeza nati ya sampu gari ikiwa imelala usiku kucha, maji ni mazito kuliko oili, yakiwepo yatatangulia kutoka.

Kuhusu maji ya bomba. Kulanti ingetusaidia, ina harufu ya utamu, ingetoka kwenye ekzosi ungeinusa. Maji hayanuki. Halafu maji matupu yanakula alumini na kuleta kutu. Na kitu kingine ambacho watu wa huku hatukifikirii, maji hapa kwetu ziwani hayachemki kwenye 100, tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 770, yanachemka kwenye 97 hivi, na Tabora iliyo kama mita 1200 ni 96. Kinachozuia yasichemke ni presha ya mfuniko wa rejeta, kwa hiyo mfuniko uliochoka raba ukiupuuza unachemsha injini nzima huku unailaumu feni.

Kesho fanya hivi, na mwambie fundi akufanyie mbele ya macho yako. Injini ya baridi. Toa plagi zote 4, zipange kwa mpangilio wa silinda kwenye kitambaa usizichanganye, zipige picha utuletee. Chomoa soketi za nozeli mafuta yasimwagike ndani. Halafu piga stata kidogo ukiwa umesimama pembeni, uone kama kuna tundu linarusha maji.

Mleta uzi

Nimefanya. Plagi ya 1, 2 na 4 zina rangi ya kahawia ya kawaida, ya 2 nyeusi kidogo. Ya 3 ni nyeupe safi kabisa kama imeoshwa kwa sabuni, hata ile chuma ya pembeni inang'aa. Kupiga stata, tundu la 3 likarusha maji kama kikombe cha kahawa hivi, yamenirukia shati.

Fundi wa Gungu

Plagi ndiyo imesema. Hiyo iliyooshwa imeoshwa na mvuke, maji yanaingia silinda ya 3. Sasa hatujui yanaingia kwa gasiketi au kwa ufa, na hatujui kama pistoni na ringi zinazoizunguka kuziba zimepona, kwa hiyo usifungue bado. Tafuteni geji ya kompresheni, ya kupima presha ambayo kila silinda inabana. Plagi zote ziwe nje, betri yenye nguvu, mtu akanyage pedo ya mafuta mpaka mwisho maana kipepeo cha njia ya hewa kikifungwa injini inavuta hewa kidogo na geji itakudanganya. Zungusha mpaka mshale wa geji usimame, silinda moja moja, andika kila namba. Kwa 1NZ kiwanda kinasema nzima ni 213 psi, chini ya 156 haifai, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Lakini hizo ni za usawa wa bahari. Hapa Kigoma hewa ni nyepesi, toa kama asilimia 8 au 9, ko ukiona 195 usishtuke, hiyo ni nzima.

Mama Mawese

Samahani naingilia kidogo wakuu. Mimi nina Noah nabebea mawese, inapunguza maji kama nusu lita kwa wiki, sioni inapovuja, haichemshi. Nayo ni gasiketi? Fundi wangu anataka kufungua.

Fundi wa Gungu

Dada usikubali kufungua chochote bado. Injini ikiwa ya moto lakini imezimwa, mulika tochi chini ya wotapampu, kuna tundu dogo, ukikuta mstari wa kutu au chumvichumvi chini yake basi sili ya pampu ndiyo inavuja, maji yanakauka kwenye injini kabla hayajadondoka ndiyo maana huoni kitu chini. Angalia na kapeti ya abiria mbele kama ina unyevu, hiyo ni rejeta ndogo ya hita. Vikikosekana vyote viwili ndiyo urudi hapa.

Mama Mawese

Mstari wa kutu upo fundi, tena mrefu. Mungu akubariki sana.

Mleta uzi

Fundi, namba hizi hapa. Silinda ya 1 ni 195, ya 2 ni 70, ya 3 ni 75, ya 4 ni 190. Fundi wa kwanza kaona 70 kasema si nilikwambia imekufa.

Dereva wa Kasulu

Hapo kaka kubali tu. 70 ni maiti.

Fundi wa Gungu

Hapana, soma namba zote kwa pamoja. Injini ikichoka ringi kwa moto mara nyingi silinda zote zinashuka. Hapa 1 na 4 ni nzima kabisa, 195 na 190, halafu mbili zinazopakana zimeanguka pamoja na zinakaribia kulingana. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja hivyo, maana yake kizuizi kati yao kimetoboka, hii ikibana hewa inakimbilia kwa mwenzake. Huo ni ukanda mwembamba wa gasiketi kati ya 2 na 3, ndio unaopata moto kwa pande zote mbili na ndio wa kwanza kuungua.

Lakini sitaki uniamini kwa maneno. Mimina kijiko kimoja cha oili tundu la 2 na kingine tundu la 3, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka maana oili imeziba. Isipopanda, tatizo liko juu, gasiketi au valvu. Baada ya hapo tutatia upepo.

Mleta uzi

Oili imetiwa, ya 2 ikapanda mpaka 78, ya 3 mpaka 80. Haijapanda kitu.

Fundi wa Gungu

Vizuri. Sasa upepo, na hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kinakuonyesha mahali penyewe. Chukueni plagi mbovu, toeni ule ufinyanzi wa ndani, mchomeleeni bomba la kuunga mpira wa kompresa ya matairi. Leteni pistoni ya 3 juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, mtu ashike bolti ya pule ya kranki, lile gurudumu la mkanda, kwa spana ya 19 isizunguke, na upepo muufungue taratibu, mkono wa mtu usikae karibu na mkanda. Mfuniko wa rejeta uwe wazi na rejeta imejaa maji, na kama bado inavuja ziba hata kwa mpira na sabuni, tunataka dakika 2 tu. Halafu sikiliza sehemu 4. Mdomo wa ekzosi, ukisikia shhh ni valvu ya kutolea moshi. Mdomo wa kuvutia hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi na pistoni, na hapo ndipo penye jibu la kununua injini au kutonunua. Na mwisho tazama rejeta kama inatoa mapovu.

Mleta uzi

Wakuu nimetoka gereji sasa hivi, nikiri sijawahi kuona kitu kama hiki. Fundi wa pili ndiye alikubali kufanya, yule wa kwanza kaondoka. Tumechomelea plagi kwa jirani anayetengeneza mageti. Tumetia upepo silinda ya 3. Nimeweka sikio ekzosi, kimya. Nimeweka kwenye tundu la oili, kuna kipumzi kidogo sana, fundi kaniambia tulinganishe, tukahamishia upepo silinda ya 1 ambayo ni nzima, kipumzi ni kilekile. Tukarudi ya 3. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi ya 2, wakuu, upepo ulikuwa unanisukuma kidole. Unatia hapa unatokea pale. Na kwenye rejeta mapovu makubwa moja moja, bluup, bluup.

Fundi wa Gungu

Hapo sasa tunaongea. Ringi zimepona, hakuna mlio wa chini, oili safi. Injini haijafa. Fungueni, ila kufungua siyo kubadili gasiketi na kufunga, huko ndiko alikopotelea mwenzetu wa Kasulu. Kaka naomba nikuulize, walipofungua ya kwako mara ya kwanza hedi ilipimwa kwa rula?

Dereva wa Kasulu

Haikupimwa. Alipaka silikoni akaweka gasiketi mpya akafunga. Mara ya pili akaisugua na msasa juu ya kioo.

Fundi wa Gungu

Nilijua. Hedi ni alumini, ikipata moto inavimba karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, lakini imebanwa na bolti haina pa kwenda, inapinda. Ukiweka gasiketi mpya juu ya hedi iliyopinda unaweka bandeji juu ya mfupa uliovunjika. Na msasa unatoa zaidi pale mkono unapobonyeza, unaondoka na bonde jingine. Pole sana kaka, hela yako iliondoka kwa kukosa rula iliyonyooka na filer geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya.

Mleta uzi sikiliza. Hedi ikitoka, fundi asafishe uso wake bila kukwaruza, aweke rula ya chuma iliyonyooka kweli, siyo ya shule, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari kona kwa kona, halafu apitishe filer chini yake. Kiwanda kwa 1NZ kinataka isizidi 0.05 ya milimita. Apime na uso wa bloku vilevile, wengi wanasahau, bloku ya 1NZ nayo ni alumini. Tazama kuta za silinda kwa tochi, zile mistari ya msalaba za kiwandani zionekane, na pitisha ukucha, ukucha ukikwama kwenye mchubuko wa kusimama basi pistoni ilikamata hapo. Fungua na filta ya oili, ikate, tandaza karatasi yake juani. Vichembe vinavyong'aa kama vumbi la shaba au fedha ni beringi zinasagika. Ukikuta hivyo niambie kabla hujanunua hata sili moja, kwa sababu hapo ndipo nami nitakwambia katafute injini.

Mwana Tabora

Mchango wangu mfupi kutoka huku Ipuli. Prado yangu ya injini ya dizeli 1KZ ilikuwa inapita vipimo vyote asubuhi, baridi, kompresheni nzima, upepo hautoki. Ikipata moto kama saa nzima barabara ya Nzega mipira ya rejeta inakuwa migumu kama rungu na maji yanarudishwa kwenye tenki dogo. Walibadili rejeta, wakabadili feni, wapi. Mwisho fundi mmoja akaipima ikiwa ya moto kwa ile dawa ya buluu wanayoweka mdomoni mwa rejeta, moshi wa silinda ukipita kwenye maji dawa inabadilika rangi, kwenye petroli inakuwa njano, kwenye dizeli kijani. Ikabadilika. Kufungua, hedi ina ufa kati ya valvu mbili, mwembamba kama unywele, ukipoa unajifunga. Hizi 1KZ zinajulikana kwa hilo. Ko usiridhike na kipimo cha baridi peke yake, na hedi ipakwe ile rangi nyekundu ya kutafuta nyufa kabla haijarudi.

Mtu wa Kibirizi

Mimi nauliza, si mngemwambia tu atoe themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto? Huku kwetu joto, gari zote mafundi wanatoa na zinaenda.

Fundi wa Gungu

Mwana Tabora asante, hilo ni la muhimu sana na nilikuwa sijalisema.

Mtu wa Kibirizi, nakuomba usimwambie mtu hivyo tena, na siyo kwamba nakugombeza. Themostati ya 1NZ iko upande maji yanapoingia injini na ina kisahani cha pili nyuma. Injini ikipata moto kisahani kile kinaziba njia ya mkato, maji yote yanalazimika kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto yanazunguka yanarudi injini bila kuiona rejeta. Tambarare ya Ujiji hutaona tofauti, ukipakia mzigo ukapanda Kasulu ndipo utaona. Na ukiwa mwepesi bila mzigo injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta mengi. Ya 1NZ inafunguka kati ya digrii 80 na 84, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha, utaiona inafunguka kwa macho. Isipofunguka nunua mpya.

Mleta uzi

Wakuu hedi imetoka leo. Gasiketi kati ya 2 na 3 imeungua, ukanda wenyewe umekuwa mweusi na kipande kama ncha ya kalamu hakipo kabisa, na kutoka hapo kuna mstari wa kutu unaoelekea tundu la maji upande wa silinda ya 3. Kuta za silinda ziko safi, ukucha haukwami. Karatasi ya filta haina vumbi linalong'aa. Rula: filer ya 0.10 inapita katikati ya hedi, ya 0.15 haipiti. Bloku hata ya 0.05 haipiti. Na chanzo tumekiona, tenki la plastiki la rejeta upande wa chini limepasuka pale linapoungana na bati, ufa wa kama kidole, fundi anasema ni mtikisiko wa njia na plastiki ilishakauka.

Fundi wa Gungu

Nimefurahi sana kaka. Hedi iende mashine, isisuguliwe kwa mkono. Ila kuna jambo moja, mwambie fundi kabla haijakatwa. Hedi ikipinda inapinda nzima kama ndizi, na kule juu ndiko kamshafti, vile vyuma vinavyofungua valvu, zinakolala. Ukinyoosha uso wa chini tu, juu kunabaki na upinde, kamshafti inabana katikati inakula vikombe vinavyoishika, mwisho inakatika au inasaga hedi. Kwa hiyo atoe tapeti zote zinazosukuma valvu, aweke kamshafti peke yake na oili kidogo, afunge vikombe kwa toki, yaani nguvu ya kukaza iliyopimwa, azungushe kwa vidole. Ikizunguka laini, endelea. Ikikwama, hiyo hedi tafuta nyingine ya used, na hiyo nayo ipimwe hivihivi.

Bolti za hedi usirudishe zilizovutika. Za 1NZ zinafungwa toki kwanza, halafu digrii 90, halafu 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda nje, zinavutwa makusudi, ndiyo maana zikishavutika kupita kiasi hazishiki tena. Na kabla ya kufunga, vile vitundu vya bolti kwenye bloku vipulizwe upepo vikauke kabisa. Oili au maji yakibaki chini, bolti inayabana na bloku ya alumini inapasuka kutoka ndani, nimeshaiona kwa macho yangu, kazi ya siku 3 ikaharibika kwa kijiko cha maji.

Dereva wa Kasulu

Fundi, na yale maji ya baridi aliyomimina palepale?

Fundi wa Gungu

Hiyo ilikuwa hatari mbili. Moja ni hedi kupasuka, alumini ya moto ikikutana na maji ya dumu, ndiyo maana nasisitiza ipakwe rangi ya nyufa. Nyingine ni mtu mwenyewe. Nilishuhudia utingo wa lori pale Kidahwe alifungua mfuniko gari imetoka kuchemsha, yale maji yalikuwa yamezuiwa na presha yakiwa juu ya digrii 100, presha ilipoachia yakageuka mvuke papo hapo, alibabuka uso na kifua. Zima gari, fungua boneti, kaa mbali, subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia. Saa nzima kama ni saa nzima. Na ukimimina, mimina kidogo kidogo maji yaliyokaa juani.

Mleta uzi

Mrejesho wa mwisho wakuu. Kamshafti zote mbili zilizunguka kwa vidole. Rangi ya nyufa haikuonyesha kitu. Hedi imekatwa, sasa 0.05 haipiti popote. Bolti mpya, gasiketi mpya, rejeta mpya, themostati ilifunguka kwenye sufuria ya mke wangu ila nimebadili hata hivyo. Kulanti siyo maji ya bomba. Kompresheni baada ya kufunga ni 195, 192, 193, 192. Tumebadili oili na filta, tumetembea kilometa 500, tumebadili tena kama fundi alivyoniambia kwa ujumbe.

Wiki iliyopita nimeenda Tabora na kurudi na mzigo, gunia 6 za mchele. Nimesimama Nguruka, nimesimama tena nilipovuka Malagarasi, nimefungua boneti nikashika mpira wa juu, ni moto lakini unabonyea. Fundi wa Gungu nakuja hapo Jumamosi na migebuka, sitaki ukatae. Swali langu lililobaki ni mfuniko wa rejeta, dukani kuna wa presha ya 0.9 na wa 1.1, nichukue upi?

Fundi wa Gungu

Soma ulioandikwa kwenye ule wa mwanzo wa gari, chukua namba hiyohiyo, wala usipande kwa kudhani kubwa ndiyo imara, plastiki ya rejeta na mipira ya hita vinatengenezwa kwa presha ile. Ukifika Jumamosi njoo nao wa zamani mfukoni, tutazitazama raba zake pamoja.